Difu gani ya nyuma uchukue unaponunua pikapu: mwongozo kamili wa kupima mwenyewe kabla hujatoa hela

Masika ikikaribia tu simu zinaanza. Mtu kanunua pikapu, kaambiwa ni fowili (inavuta kwa tairi zote nne), kaambiwa na difu loki ipo (ya kufunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja), kaipandisha milima ya Amani hapa Tanga au kaiingiza njia ya mchanga ya Mkwaja, sasa tairi moja ya nyuma inazunguka kama feni na ile nyingine imetulia tuli, gari haiendi mbele wala nyuma na mzigo wa watu uko juu. Ukimuuliza alipimaje difu, yale magia ya kwenye kibuyu cha ekseli yanayogawa nguvu kulia na kushoto, kabla ya kununua anasema nilikiona kitufe cha loki. Au anasema fundi aliinama akachungulia akasema iko poa.

Jamani, kitufe sio ushahidi, na kuchungulia nako sio kupima. Kupima difu ni kazi ya kama saa moja, ukiwa na jeki na mtu mmoja wa kukusaidia, na ukifuata mpangilio huu utajua gari ina nini kweli.

## Vitu vya kuwa navyo

Jeki mbili, za chupa zinafaa. Stendi mbili za chuma za kukalishia gari, matofali HAPANA maana tofali linapasuka bila taarifa. Kabari nne za mbao au mawe makubwa ya kuzuia tairi za mbele. Chaki. Tochi. Spana ya 24, ndio inafungua nati za oili kwenye difu za Toyota nyingi, gari zingine zinataka alen kii kwa hiyo beba seti. Kitambaa cheupe, sumaku ndogo, na chupa ya oili ya gia ya kuongezea. Alafu mtu wa pili, huyu ni lazima, usipime peke yako.

Sehemu ya kupimia iwe tambarare na ngumu, sakafu ya zege au lami. Ukikataliwa na muuzaji kuinua gari hata baada ya kumuomba kistaarabu, we ondoka, pikapu zipo nyingi.

## Hatua ya 1: Andika njia zako kabla hujaiona gari

Fanya hii nyumbani, ukishaiona gari nzuri ina rangi inang'aa akili inahama. Chukua karatasi andika njia tatu unazopita zaidi, mzigo gani, na miezi gani. Mtu anayebeba friji na simenti hapa mjini, Ngamiani kwenda Chumbageni kwenda Raskazone, hana shida sawa na anayeshusha pilipili manga na iliki kutoka Usambara ya mashariki mwezi wa nne.

Kwanini tunaanza na njia? Kwasababu difu ya kufaa kila mahali haipo. Kuna difu nzuri sana kwenye tope la tambarare ambayo kwenye ukingo wa mlima itakupeleka mtaroni, nitaeleza mbele.

Na kumbuka pikapu ikiwa tupu mgongo wake ni mwepesi, uzito mwingi uko mbele kwenye injini, kwa hiyo tairi za nyuma zinateleza haraka kuliko gari ndogo ya kawaida. Ndo maana difu ya nyuma ina maana kubwa hivi kwenye pikapu.

Umefaulu kama karatasi yako ina njia, mzigo na msimu. Usiandike "kila mahali", hiyo sio njia.

## Hatua ya 2: Zijue aina, ni chache tu

Difu ya kawaida, wazi. Ndio iko kwenye pikapu nyingi. Kazi yake ni kuruhusu tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari inapokata kona. Inagawa nguvu sawa kwa sawa kulia na kushoto, na hapo ndipo kwenye tatizo, maana kile kiasi kinachogawanywa kinapangwa na tairi lenye mshiko mdogo. Tairi moja likiwa kwenye tope laini linahitaji nguvu kidogo sana kuzunguka, basi na mwenzake aliye kwenye udongo mgumu anapata hicho hicho kidogo. Gari inakaa. Hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho ni lile lililoteleza ndo litaongeza spidi. Uzuri wake ni rahisi, haina cha kuchakaa haraka, kwenye lami yenye mvua inatulia, na spea zake zipo kila kona.

LSD, yaani difu inayopunguza kuteleza. Hii ndani ina pleti zinazobanana, tairi moja likianza kukimbia pleti zinalivuta lisimuache mwenzake mbali sana. Inafanya kazi yenyewe, hakuna cha kubonyeza. Baadhi ya Nissan Hardbody na Isuzu za zamani zilikuja nayo. Ubaya ni kwamba pleti zinaisha, na zikiisha inakuwa difu ya kawaida kabisa na wala taa haiwaki kukuambia. Inataka oili yake maalum pia.

Difu loki. Unabonyeza kitufe au unazungusha swichi na ekseli mbili za nyuma zinafungwa kuwa kama chuma kimoja, tairi zote mbili zinazunguka sawa upende usipende. Baadhi ya Hilux za fowili zinayo, baadhi ya Ranger na L200 na D-Max mpya pia, na Land Cruiser pikapu ukipata yenye loki inakuwa na swichi ya kuzungusha inayofunga nyuma kwanza kisha na mbele. Zipo pia za upepo zinazofungwa baadae kama ARB, hizo zina kompresa yake. Hii ndio inayotoa gari shimoni kuliko zote, lakini ni chombo cha dakika tano, ukishatoka unaifungua.

Msaada wa breki. Gari mpya kama Hilux Revo zina kompyuta inayokaba breki kwenye tairi linaloteleza ili nguvu iende kwa mwenzake. Difu yenyewe bado ni ya kawaida. Inasaidia sana, ila lazima tairi liteleze kwanza ndo ianze kazi, na kwenye tope refu breki zinapata moto.

Kuna na zinazojifunga zenyewe bila kitufe. Ukikutana na Chevrolet au GMC iliyotoka Marekani tafuta kodi (code) G80 kwenye ile stika yenye kodi nyingi, maana yake ina difu inayojifunga tairi moja likizidi lingine kama mizunguko 100 kwa dakika. Hapa Tanga ni nadra, usihangaike nayo.

Alafu kuna ile ya hatari, difu iliyochomelewa welding gia za ndani ili isiteleze. Hiyo usiichukue hata ukipewa bei ya kutupa. Inakata ekseli, inakula tairi, na kwenye kona ya lami yenye mvua haikatiki vizuri.

Sasa lile linalochanganya wengi, fowili sio difu loki. Fowili inapeleka nguvu mbele na nyuma. Lakini kama difu zote mbili ni za kawaida, tairi moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza umekwama na fowili yako hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Linganisha difu na ile karatasi

Haya ni maoni yangu kwa njia zetu, nimezipita.

Mjini, Tanga kwenda Muheza, Korogwe, Horohoro, na hata kupanda Mombo, Soni mpaka Lushoto kwa lami: chukua difu ya kawaida na usijute. Hela uliyookoa weka kwenye tairi nzuri na breki.

Mchanga wa pwani kule Pangani kuelekea Mkwaja: difu ya kawaida na fowili inatosha mara nyingi kama unajua kupunguza upepo, gari ikiwa haina mzigo mzito shusha mpaka 18 au 20 PSI, pita taratibu, kisha jaza tena kabla ya kuingia njia ngumu. Ukiwa na loki ni raha zaidi. LSD nzima nayo inafaa sana kwenye mchanga.

Handeni na Kilindi kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapita na chochote, ikinyesha pata difu loki.

Milimani sasa. Amani, Bumbuli, na njia za vijijini zinazotoka Lushoto, udongo mwekundu uliolowa unakuwa kama sabuni na barabara yenyewe imelalia upande mmoja. Sikiliza vizuri hapa. Difu ya kawaida tairi moja likiteleza, lile lingine halijasukumwa kwa nguvu, kwa hiyo linabaki linashika na kuzuia mkia wa gari usihame. Difu iliyofungwa au LSD kali, tairi zote mbili zinateleza kwa pamoja na mkia unaserereka kuelekea chini, kule kwenye korongo. Kwa hiyo mlimani mimi nachagua difu loki ya kitufe kuliko LSD kali, kwasababu loki naifunga pale pa kupandia paliponyooka na naifungua panapolala, LSD siwezi kuiambia ipumzike.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa sentensi moja unatafuta nini, mfano "natafuta Hilux fowili yenye loki nzima, LSD sitaki".

## Hatua ya 4: Soma gari, lakini usiamini ulichosoma

Kwenye Toyota kuna kibati, kipo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta mstari wa A/TM au TRANS/AXLE. Ile kodi ya ekseli ipige picha umpelekee muuza spea mzoefu, atakuambia gari ilitoka kiwandani na difu gani na namba gani. Chungulia na chini kwenye kibuyu cha difu, kama kuna stika inayosema itumike oili ya LSD tu, basi ilizaliwa LSD.

Kwa difu loki ya Toyota, kitufe ndani ya gari lazima kiwe na mwenzake kule chini: kimota chenye waya kimefungwa kwenye difu yenyewe. Piga tochi ukitafute. Ukikosa kimota, kile kitufe ni pambo.

Hii ilinikuta. Hilux yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu akaniapia ina loki, kitufe kipo, taa ya dashibodi ikawaka, nikalipa. Wiki ya tatu nikapanda Amani kuchukua magunia ya pilipili manga, mvua ikatukuta kwenye kushuka na kupanda kule msituni, nikabonyeza kitufe taa ikapepesa ikapepesa wala haikutulia, tumelala njiani mimi na kijana wangu mpaka asubuhi, na nusu ya mzigo umelowa. Fundi alipoivua kumbe difu nzima ilishabadilishwa ikafungwa ya kawaida kutoka gari nyingine, waya wa loki umefungwa tu na kamba pembeni ya ekseli. Kibati kilikuwa kinasema kweli, ila kilikuwa kinasema habari za siku gari ilipozaliwa.

Ndo maana hatua zinazofuata unatumia mikono.

## Hatua ya 5: Inua tairi zote mbili za nyuma

Weka kabari mbele na nyuma ya tairi ZOTE mbili za mbele. Handbreki ya pikapu inashika tairi za nyuma, kwa hiyo ukishainua na ukiiachia, kinachozuia gari ni zile kabari peke yake. Inua, kalisha kwenye stendi chini ya ekseli, tikisa uone imetulia. Weka 2H, yaani fowili imetolewa na nguvu inaenda nyuma tu. Injini imezimwa, funguo mfukoni kwako. Usiingie chini ya gari, unasimama pembeni tu.

Kuna kosa watu wengi wanalifanya hapa. Wanapima gia ikiwa nyutro, wanazungusha tairi, la upande wa pili linazunguka mwelekeo huo huo na wanashangilia ni LSD. Kwenye nyutro propela, lile bomba refu linaloleta nguvu kutoka gia boksi mpaka difu, iko huru, kwa hiyo hata difu ya kawaida inaweza kukudanganya ikazungusha tairi zote upande mmoja. Wewe weka gia namba moja, au P kama ni otomatiki, propela ifungwe. Hakikisha handbreki imeachiwa kabisa. Kisha zungusha tairi la kushoto kwa mkono, mwenzako aangalie la kulia.

La kulia likizunguka kinyume na kwa wepesi, ni difu ya kawaida, au LSD iliyokufa (difu loki isiyofungwa nayo inafanya hivi, hiyo utaipima hatua ya 6). Kama haina loki, haina tofauti kwako, ilipe bei ya difu ya kawaida.

Likizunguka kinyume lakini kwa uzito, unalisukuma na linagoma goma, inawezekana ni LSD iliyochakaa nusu. Kabla hujaamua cheki breki kama hazijabana, breki za nyuma zikikwaruza zinafanana sana na LSD. Namna ya kutofautisha ni rahisi, rudisha gia nyutro uzungushe tena: uzito ukibaki vilevile na unasikia mkwaruzo ni breki, uzito ukiondoka na tairi zote mbili zikienda pamoja ni LSD.

Likigoma kabisa hata mkivuta wawili, ni LSD nzima, au loki iliyoganda ikiwa imefungwa, au welding. Rudisha nyutro uone kama zote mbili zinaenda upande mmoja, kisha hatua ya 9 itakuambia ipi ni ipi.

ONYO, na hili naomba ulishike. Gari yenye LSD au loki usiinue tairi MOJA la nyuma kisha ukawasha injini na kuingiza gia. Lile tairi lililobaki chini litasukuma na gari itaruka kwenye jeki. Sio lazima uongeze mafuta, sailensa peke yake, yaani injini ikiunguruma tu, inatosha kuitoa.

## Hatua ya 6: Pima loki yenyewe

Gari ikiwa bado juu ya stendi na kabari zipo. Weka gia nyutro, weka L4 (fowili ya gia nzito), maana kwenye Toyota nyingi za fowili kitufe hakifanyi kazi bila L4. Swichi ON bila kuwasha injini. Bonyeza loki.

Taa itapepesa. Hiyo ni kawaida, inasubiri meno yakutane. Zungusha tairi la nyuma taratibu mbele na nyuma kidogo mpaka usikie kitu kinaingia na taa itulie.

Sasa jaribu kuzungusha tairi. Kwenye L4 propela ya nyuma imeungana na ya mbele ambayo iko chini imeshikwa na tairi za mbele, kwa hiyo loki ikiwa imeingia kweli tairi za nyuma hazizunguki kabisa. Zikizunguka kinyume na mwenzake wakati taa imetulia, kuna mtu kachezea waya wa taa, funga safari. Kama gari yako ina friwili za kuzungusha kwa mkono kwenye tairi za mbele (zile zinazounganisha tairi na ekseli ya mbele) na ziko huru, basi matokeo yatakuwa tofauti kidogo, tairi zote mbili za nyuma zitazunguka pamoja upande mmoja, hiyo nayo ni ushindi.

Zima loki. Zungusha tena kidogo, itoke, taa izime, tairi lianze tena kuzunguka kinyume na mwenzake. Rudia mara tatu nzima. Kuingia mara moja haitoshi, na kutoka ni muhimu kama kuingia, ukifika lamini na loki iliyogoma kutoka utavunja kitu.

Taa ikipepesa bila kutulia mara nyingi ni kimota kimeganda kwa kutotumika, au soketi za waya zimeliwa na kutu, hapa kwetu na hewa ya chumvi ni ugonjwa wa kawaida. Inatengenezeka, ila usinunue kwa ahadi ya "kidogo tu hiyo". Punguza bei kwa gharama ya kimota kizima au mwambie aitengeneze kwanza urudi upime upya.

Gari zenye fowili ya kitufe zingine zinakataa bila injini kuwaka. Usiwashe ikiwa juu ya stendi, ishushe, utapima kwenye mchanga.

## Hatua ya 7: Hesabu namba ya difu

Hii watu wanairuka na ndio inaleta hasara kubwa kwenye fowili. Namba ya difu ni mara ngapi propela inazunguka kwa mzunguko mmoja wa tairi. 4.1, 4.3, 4.5 hivi. Namba kubwa gari inavuta mzigo vizuri ila injini inapiga kelele barabara kuu na mafuta yanaenda. Namba ndogo kama 3.5 au 3.7 inakimbia, mlimani na mzigo inachoka.

Kwenye fowili, difu ya mbele na ya nyuma LAZIMA ziwe namba moja. Kama mtu alifunga difu ya nyuma ya kuokota kutoka gari nyingine na namba hazilingani, siku ukiweka H4 (fowili ya mwendo wa kawaida) zinavutana, kitu kitavunjika.

Kwa difu ya kawaida: shusha tairi moja likanyage chini, gia nyutro, 2H, piga alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi lililo juu. Zungusha hilo tairi mizunguko MIWILI kamili, mwenzako ahesabu propela kutokea pembeni kwa tochi. Mizunguko minne na kipande kidogo ni 4.1, minne na nusu ni 4.5, mitatu na karibu tisa ya kumi ni 3.9. Kwanini miwili? Kwasababu tairi moja likisimama, difu ya kawaida inalipa lile lingine mara mbili.

Kwa LSD nzima acha zote mbili juu, zungusha pamoja mzunguko mmoja, hesabu.

Linganisha na ile kodi ya kibati uliyompelekea muuza spea. Ikipishana, difu sio ya gari hiyo.

## Hatua ya 8: Fungua oili

Gari iwe chini, imelala sawa, imepoa. Fungua nati ya JUU ya kujazia, ya chini iache. Sheria ya siku zote: hakikisha ya juu inafunguka kwanza kabla hujagusa ya chini, usije ukamwaga oili ukakuta huwezi kurudisha.

Ingiza kidole kidogo. Oili inatakiwa iwe pale pale kwenye mdomo wa tundu. Pakaza kwenye kitambaa cheupe. Rangi ya asali au kahawia ni sawa. Nyeupe kama chai ya maziwa ni maji yameingia, gari imevuka mto au imeingia baharini na kipumulio cha difu kimeziba. Pitisha sumaku: ute wa kijivu laini ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni krauni au pinioni, zile gia mbili kuu za ndani ya difu, inakufa.

Chini ya tundu angalia sili ya pinioni pale propela inapoingia, na sili za ekseli kwa nyuma ya breki. Kulowa lowa kidogo sio mwisho wa dunia, kudondoka ni punguzo la bei.

## Hatua ya 9: Iendeshe

Kwanza kwenye lami, kona ya kubana kabisa, taratibu, kioo kiwe chini na redio imezimwa. Difu ya kawaida iko kimya. LSD yenye oili isiyo yake inatetemeka na kuguna kwa nyuma, mara nyingi oili sahihi inaponya. Tairi zikilia na gari ikarushwa rushwa, ni iliyoganda au ya welding, rudisha gari.

Alafu spidi ya 60 mpaka 80. Mvumo unaobadilika ukiachia mafuta na kukanyaga ni krauni na pinioni, mvumo usiobadilika mara nyingi ni beringi. Mlio mmoja wa "ko" ukianza kuondoka anza na krosi za propela kabla hujailaumu difu.

Mwisho tafuta mchanga mkavu au majani yaliyolowa, tairi moja la nyuma likanyage hapo na lingine pagumu. 2H, ondoka taratibu. Difu ya kawaida itateleza, LSD nzima itajivuta. Kama ina loki, simama kwanza, weka L4, funga loki, taa itulie, kisha ondoka. Usifunge loki tairi likiwa linazunguka kwa kasi, meno yanakatika. Na usiende kupimia kwenye maji ya bahari, chumvi hiyo utakaa nayo.

## Hatua ya 10: Bei, na wiki ya kwanza

Kwenye hati ya mauziano andika ulichokikuta: "difu loki ya nyuma inafanya kazi, imepimwa mbele ya wote". Muuzaji mkweli hasiti kusaini hiyo.

Ukishainunua mwaga oili ya difu hata kama ni nzuri, hujui iliwekwa lini. Difu ya kawaida na ya loki weka 80W-90 ya GL-5. LSD weka chupa iliyoandikwa LSD, sio ya kukisia. Safisha kipumulio, na kama unavuka maji mwambie fundi akirefushe kwa mpira mpaka juu.

Loki ibonyeze angalau mara moja kwa mwezi kwenye mchanga au udongo, iingie itoke, hata kama huna tope mbele yako, vimota vinakufa kwa kukaa. Ukiwa umeifunga mwendo ni wa mtu anayetembea, usukani umenyooka, na kumbuka kwenye gari nyingi ule msaada wa breki unazimika, zingine na ABS pia. Unatoka kwenye tope, unaizima, unasubiri taa ipotee, ndo unakata kona.

Na tupu likiwa bodi, msimu wa mvua weka magunia mawili matatu ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na uyafunge yasitembee. Kwa difu ya kawaida hiyo peke yake imenipandisha milima ambayo gari tupu ilikuwa imeikataa asubuhi hiyo hiyo.